Bibi Nyusi Alipopata Sauti

"Sindano, mama yuko wapi? Watu wamekaa tayari, wanagonga viti."

"Hayupo."

"Hajafika?"

"Hayupo, Fundi."

Alinitazama usoni, akaelewa. Hakusema pole. Alipanda ngazi za chumba cha mashine, akazima taa ya projekta, na ukumbi wote ukanyamaza kabla mtu hajaambiwa neno.

Hiyo ndiyo siku mama alipoanza kutokuwepo. Alijilaza mchana apumzishe koo, kama kawaida yake kabla ya onyesho. Hakuamka.

Naandika ili nisisahau, kwa hiyo nieleze vizuri. Baba ana ukumbi mdogo wa filamu, viti vya mbao na pazia jekundu nililolishona mimi. Mimi ni fundi cherehani, ndiyo maana Fundi, kijana anayeendesha mashine ya filamu, aliniita Sindano. Jumamosi ilikuwa siku ya filamu za zamani za Hollywood, zile zisizo na sauti. Watu wetu hawakuja kusoma maandishi ya kigeni, kwa hiyo wazazi wangu walikaa chini ya kitambaa cheupe, kila mmoja na kipaza sauti chake. Baba aliwasemea wanaume. Mama aliwasemea wanawake, hasa mwigizaji mmoja aliyempenda kuliko wote.

Jina la mwigizaji huyo liliandikwa kwa herufi kubwa mwanzo wa kila filamu, lakini kwetu alikuwa Bibi Nyusi. Aliweza kumfukuza mwanaume nyumbani kwa kuinua nyusi moja.

"Mtazameni mkono," mama alitufundisha. "Wenzake wakihuzunika wanajipiga kifua, wanaanguka kama magunia. Huyu anavua glavu, basi. Akimaliza kuvua, wewe ndiye unayelia."

Zilipokuja zile filamu zake za baadaye, zenye sauti, mama aliweka kipaza sauti chini na kukaa kimya.

"Mama, watu hawaielewi lugha yake," nilimwambia siku moja.

"Watamwelewa. Wamekaa naye bila sauti muda wote huo, leo ndiyo washindwe?"

"Si uwatafsirie kidogo tu?"

"Mwanangu, mtu akianza kusema mwenyewe, usimsemee."

Ndoto yake ilikuwa kuzionyesha zote kwa mpangilio katika siku moja, kuanzia zile za kimya hadi za sauti, ili watu waone mwanamke mmoja anavyokua. Hakuwahi kuifanya.

Asubuhi ya siku ile ile aliyofariki mama, Fundi alikuja kwenye cherehani yangu.

"Nimeleta shati."

"Lina nini?"

"Halina kitu."

"Sasa nishone wapi?"

"Sindano, nataka kukuoa."

Nilicheka hadi uzi ukakatika. Nikamwambia, "Nitakujibu jioni, baada ya filamu."

Jioni ile mnajua ilivyokuwa.

*

Shangazi, dada yake baba, alikuja msibani na sanduku kubwa. Akashika jiko, akashika funguo, akashika na simu yangu.

"Nipe mimi, mwanangu. Usisumbuliwe. Wakikupa pole nitawajibu."

Nilimpa. Sikuwa na nguvu hata ya kushika kikombe. Msiba ulipopoa alinirudishia, ujumbe wote umeshafutwa, akakaa kitandani pangu.

"Yule kijana wa mashine, mlikuwa na maneno gani?"

"Kwa nini, shangazi?"

"Nimeongea naye. Anasema hawezi kusubiri nyumba yenye msiba. Ana haraka zake."

"Fundi amesema hivyo?"

"Mwanaume ni mvua ya mchana, hupita, mwanangu. Mtunze baba yako. Unaona mwenyewe hasemi na mtu."

Kweli, baba hakuwa akisema. Alikaa ukumbini peke yake, taa zimezimwa, akitazama kitambaa kitupu. Nami nikajifungia na cherehani. Fundi akipita barabarani aliinamisha kichwa, nami nilizidi kukanyaga pedeli. Tuliishi hivyo, mtaa mmoja, kama watu waliogombania mpaka wa shamba.

Kisha baba akanijia na ujumbe kwenye simu yake.

"Soma."

Ulitoka kwa Fundi. "Mzee, nimepata kazi mji mwingine. Mwisho wa mwezi huu naondoka. Asante kwa kunifundisha mashine."

Niliusoma mara ya pili, sindano ikiwa bado mdomoni.

"Kabla hajaondoka," baba alisema, "nataka tufanye ile siku ya mama yako. Filamu zote za Bibi Nyusi. Hakuna mwingine anayeweza kuiendesha ile mashine bila kuikwamisha."

"Nani atasema, baba?"

"Nani alikaa nyuma ya pazia akishona, anasema kila neno pamoja na mama yake akidhani hatumsikii?"

Nilichomeka sindano kwenye nguo.

"Na wanaume?"

"Mimi koo limekataa. Fundi atawasemea kutoka huko juu."

"Baba, mimi na huyo mtu..."

"Sikukuuliza kuhusu huyo mtu."

"Haya. Nitafanya kwa ajili ya mama. Si kwa ajili ya mtu wa juu."

Moyoni nilijua ukweli. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya kumsikia. Baada ya hapo, aliye juu angekuwa mtu mwingine.

*

Walikuja wengi hadi wengine wakasimama. Mbele kabisa alikaa Mzee wa Kwanza, anayeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kukubali kiti cha pili. Mlangoni alikuwepo Mama Karanga na kapu lake la karanga. Shangazi alikaa mstari wa tatu, kajifunga skafu ya kijani.

Nilikaa kwenye kiti cha mama. Nilisogeza kipaza sauti karibu mno, kikagonga meno.

Filamu ya kwanza ni ile ya Bibi Nyusi akiwa dobi. Bado msichana, uso wa mviringo, macho yanakimbia kila upande. Nilifungua mdomo ikatoka pumzi tu.

"Tunakusubiri, binti!" Mzee wa Kwanza aliita. "Hizo nguo zitakauka!"

Watu wakacheka, nami nikacheka, na neno la kwanza likatoka ndani ya kicheko. Likaja la pili. Tulipofika pale anapomrudishia tajiri shati lililochomwa na pasi, ukumbi ulikuwa unapiga makofi.

Mwanzo wa filamu ya pili, ile ya kituo cha treni, nilikuwa nimesahau kuogopa. Humo Bibi Nyusi amekua. Anatembea taratibu, haigizi tena kwa mwili mzima. Mpenzi wake anaondoka kwa treni, begi mkononi, akiamini hapendwi. Maneno yake nayajua: "Nilikuuliza swali, hukunijibu. Kwaheri."

Sauti ya Fundi ilitoka kwenye spika.

"Nilikuuliza swali. Hukunijibu."

Kwaheri hakuisema.

"Au tuseme ulinijibu. Ulisema nisikutafute tena."

Mzee wa Kwanza aligeuka nyuma kutazama kile kidirisha cha mashine. "Hee! Hiyo haimo!"

"Mwache aseme!" Mama Karanga akajibu.

Juu ya kitambaa, Bibi Nyusi aliinua nyusi yake. Kama ingekuwa kwa amri yangu isingefika kwa wakati mzuri hivyo.

"Mimi?" nikasema. "Nilisema lini?"

"Wiki ile ya msiba. Kwenye simu."

Ukumbi ulilipuka. "Simu! Treni ya makaa ya mawe, simu imetoka wapi?"

"Soma nilichoandika," nilimwambia. Sasa hata kipaza sauti nilikishika kwa mikono miwili.

"Nilikuandikia: sitaki kukuharakisha, ukiwa tayari nijibu lile swali. Ukajibu: jibu ni hapana, usinitafute."

"Sijawahi kuandika maneno hayo."

"Yalitoka kwenye namba yako."

"Nami nikaambiwa umesema huwezi kusubiri nyumba yenye msiba."

"Mimi? Sindano, mimi nisubiri miaka yote hii uachie kicheko kimoja, nishindwe kusubiri msiba?"

Bibi Nyusi alianza kuvua glavu. Kidole cha kwanza. Cha pili. Hakuna aliyecheka tena.

"Wiki ile simu sikuwa nayo," nilisema.

"Alikuwa nayo nani?"

Kidole cha tatu.

"Shangazi."

Mzee wa Kwanza akakuna kichwa. "Kwani Bibi Nyusi ana shangazi?"

"Anaye," Mama Karanga alisema. "Yupo mstari wa tatu, ana skafu ya kijani."

Vichwa vyote vikageuka. Na filamu haimsubiri mtu. Treni ilianza kutoa moshi, mpenzi akaweka mguu kwenye ngazi ya behewa.

"Mimi sipandi," Fundi alisema.

"Anapanda, Fundi! Tunamwona, anapanda!"

"Huyo ndiye anayepanda. Mimi sipandi!"

Watu walisimama. Walipiga viti, wakapiga sakafu kwa miguu, mtu akarusha kofia ikapita kwenye mwanga wa projekta. Treni ikaondoka na yule mwanaume wa watu, na Bibi Nyusi akabaki kituoni na glavu mkononi. Tangu filamu hiyo itengenezwe, sidhani kama kuna watu walioshangilia hapo.

*

Taa ziliwashwa ili Fundi abadilishe filamu. Baba alikuwa amesimama mbele ya shangazi.

"Ni kweli, dada?"

"Kaka, nilikuwa nakuonea huruma. Akiolewa, wewe utabaki na nani?"

"Nitabaki na upweke wangu. Ni wangu, nimeupata kwa kuoa vizuri. Sikukuomba uugawe."

"Mtoto alikuwa amefiwa. Angejua kujibu nini?"

"Mke wangu alisema nini kila tulipofika kwenye filamu za sauti?"

Shangazi alitazama mapaja yake. Aliijua kauli ile. Kila mtu ukumbini aliijua, na Mzee wa Kwanza ndiye aliyeitamka:

"Mtu akianza kusema mwenyewe, usimsemee."

Shangazi alinigeukia. Skafu ilikuwa imemlegea, akaonekana mzee kuliko asubuhi.

"Mwanangu, nilikusemea."

"Ndiyo, shangazi."

"Na nilisema vibaya."

"Vibaya sana. Kaa, filamu nzuri bado haijaanza."

Nilitaka kumkasirikia zaidi. Nilikuwa na haki hiyo. Lakini ndiye aliyenipikia uji wiki nzima ambayo sikujua kama ni usiku au mchana, na hilo nalo ni kweli.

Taa zikazimwa.

Katika filamu yake ya kwanza ya sauti, Bibi Nyusi ni mfanyakazi wa simu, wa zile mashine za zamani za kuchomeka nyaya. Kamera inamkuta kwa mgongo. Taa nyekundu inawaka mbele yake, anachomeka waya, anageuka taratibu. Ukumbi mzima ulizuia pumzi.

Niliweka kipaza sauti chini, kama mama.

Akafungua mdomo. Sauti yake ni nzito, ina mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Anasema maneno mawili tu, ambayo mama alituambia maana yake zamani: "Nipo. Sema."

Nilishtuka, kwa sababu nilikuwa nimesubiri sauti ya mama itoke kwenye kinywa kile. Haikutoka. Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mama alikuwa akisema kwamba waigizaji wengine walipopewa sauti walianza kupiga kelele. Huyu alipopewa sauti, alisema kidogo, akatuachia nafasi.

Nilifuta macho, nikapanda ngazi za chumba cha mashine. Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa amesimama kando ya projekta, kipaza sauti chake amekichomoa kabisa, waya unaning'inia.

"Fundi."

"Nipo."

"Lile swali. Liulize tena."

"Sina shati leo."

"Uliza hivyo hivyo."

"Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo."

Alikalia kopo tupu la rangi. Chini, mtu alipiga kelele, "Amejibu nini?"

"Tuambieni, jamani! Tumekata tiketi!"

Nilifungua kidirisha, nikatoa kichwa kando ya mwanga. Sikuwa na kipaza sauti. Sikuwa na maneno ya mama wala ya mwanamke yeyote wa kwenye filamu.

"Nimesema ndiyo!"

Vigelegele vilipanda hadi bati likaitikia. Mama Karanga alimwaga kapu zima hewani. Baba alicheka kwa sauti, ile sauti yake ya wanaume wote wa Hollywood, nami nikajua koo lake halijafa. Shangazi alipiga kigelegele kirefu kuliko wote, mkono mmoja ukishikilia skafu.

"Kaeni chini basi!" Mzee wa Kwanza alifoka. "Bibi Nyusi anaongea!"

Wakakaa. Tukamsikiliza hadi mwisho, na filamu zote mbili zilizofuata, na hakuna aliyelalamika kwamba haelewi.

*

Fundi hakuhama. Tulioana pale pale ukumbini, kitambaa cheupe kikiwa nyuma yetu, na gauni nililishona mwenyewe. Mkononi nilivaa glavu, na aliyenisaidia kuzivua ili nivishwe pete ni shangazi.

Baba amerudi kuwasemea wanaume. Kiti cha mama nakikalia mimi. Jumamosi hii ni ile filamu ya dobi, na mlango unafunguliwa saa tisa.