Taa ya Dukani

Kila jioni akitoka shule, Evodia alipitia dukani kwa shangazi yake Bertilla, mtaa wa Izia mjini Sumbawanga, kumsaidia kufunga. Alichokipenda humo ni taa ndogo ya kukagulia noti bandia. Ukiweka vidole chini yake, kucha zinang'aa zenyewe bila kupakwa rangi.

Mwaka ule mama yake, Kalista, aliota uvimbe shingoni. Hospitalini walikata kipande kidogo cha nyama kikapimwe Mbeya. Evodia, kwa udadisi wake, akamwendea Loth, mpimaji wa maabara ya hospitali.

"Shikamoo, daktari. Kwa nini msikipime hapahapa?"

"Marahaba. Nyama tupu haionyeshi kitu kwenye darubini, mwanangu. Lazima ikatwe nyembamba sana, itiwe rangi, na hapa hatuna vifaa hivyo. Wataalamu wa ng'ambo wanatengeneza leza ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, ili seli zionekane bila rangi. Bado wanahangaika nayo. Nyie rudini mwezi ujao mchukue majibu."

Evodia alishika nusu tu. Mwanga, bila rangi: si ndiyo taa ya shangazi? Akaiazima, akammulika mama shingoni. Hakuona doa lolote.

"Mama, uko salama. Hakuna kitu."

Kalista alishusha pumzi. Hofu ya hospitali ilikuwa imemkosesha usingizi, maskini, na sasa alipata pa kujishikiza. "Basi tukavune ulezi," alisema.

Majibu yalirudi, hakuna aliyeyafuata. Waliporudi hospitalini miezi kadhaa baadaye, Kalista alikuwa hamezi hata uji. Ilikuwa saratani, na wakati wa kuikata ulikuwa umepita. Walimzika kabla mvua hazijaanza.

Siku chache baadaye Loth aliingia dukani kutoa pole. Evodia alishindwa kujizuia, akamweleza yote huku akilia.

Loth akasema, "Hukumuua mama yako. Hata mimi nilikosea, nilikupa habari kubwa nikakuacha nayo. Lakini shika hili: taa hii inaishia juu ya ngozi. Ugonjwa haupimwi kwa kubahatisha, na majibu hufuatwa hata kama unayaogopa."

"Na ile leza, itafika Sumbawanga?"

"Sijui. Waulize walimu wako wa sayansi, na usiridhike na nusu ya jibu."

Evodia aliweka vidole chini ya taa. Kucha ziling'aa kama zamani, isipokuwa pale udongo wa kaburini ulipokuwa bado umegandia.