Cherehani ya Mifarishi

Kila asubuhi ya siku ya soko, Gaëlle alifagia ua, akachota maji kijitoni, kisha akakaa mlangoni kuchambua viraka vya vitenge. Vyekundu aliviweka huku, vya buluu kule, na vilivyochujuka akavitenga kwa ajili ya upande wa chini. Mama yake, Mama Godelieve, alishona mifarishi, yale mablanketi mazito ya viraka ambayo watu wa milima ya Ngungu hujifunika baridi inapozidi. Mfarishi wake ulikuwa na tabaka tatu: kitenge juu, blanketi kuukuu katikati, kitenge tena chini. Alizishona zote kwa mkono, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama visigino.

Siku hiyo kulikuwa na jambo kubwa. Zamu ya Mama Godelieve katika likelemba, ule mchango ambao akina mama wa kanisa hupeana kwa zamu, ilikuwa imefika. Alikuwa ameingoja muda mrefu ili anunue cherehani. Papa Esdras, mfanyabiashara wa cherehani ambaye hupita Ngungu kwa nadra kwa sababu ya ubovu wa barabara, alikuwa sokoni. Soko likifungwa, lori lake lingeelekea Walikale, na hakuna aliyejua angerudi lini.

Mama Godelieve alikuwa akijifunga kitambaa kichwani alipoitwa mbio. Wifi yake alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na hapakuwa na mwingine wa kumsindikiza kituo cha afya. Alisimama kidogo akiumia moyoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na kipande kidogo chenye zile tabaka tatu, akakitia mkononi mwa Gaëlle. Alimweleza haraka haraka. Cherehani kubwa ya kiwandani isinunuliwe, maana inataka umeme, na nyumbani hawana. Ndogo ya kuzungushwa kwa mkono isinunuliwe pia, maana ni ya nguo nyepesi. Anataka ya wastani, ya kukanyaga kwa miguu, na chini ya mkono wa mashine, kando ya sindano, pawe na nafasi ya kupitisha mfarishi uliokunjwa.

"Mama Constance ataongea bei," alisema. "Weye njo utachagula. Usirudi na mashine yenye haiyashona hii kipande. Umesikia?"

Gaëlle alijibu kwamba amesikia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwa kushona mshono ulionyooka hakuwa na mpinzani darasani, na kwa kupenda kusifiwa pia hakuwa na mpinzani.

Mama Constance, mtunza fedha wa likelemba, alijua bei ya kila kitu sokoni, lakini sindano na uzi havikuwa kazi yake. Walipofika kwa Papa Esdras, walimkuta amepanga cherehani juu ya turubai. Ile kubwa ilikuwa na meza ndefu kama kitanda. Ya wastani ilikuwa nyeusi, nzito, rangi imebanduka pembeni, na chuma cha kukanyagia kina kutu. Ile ndogo ilikuwa ya kijani, imechorwa maua ya dhahabu, inang'aa hata chini ya mawingu.

Macho ya Gaëlle yaliganda kwenye maua yale. Kulikuwa na desturi katika likelemba yao: kitu kilichonunuliwa kwa zamu hakipelekwi nyumbani kwanza. Hubebwa kichwani kupitia barabara kuu hadi uwanja wa kanisa, akina mama wakiimba nyuma, ili kila aliyechanga akione. Gaëlle ndiye angebeba. Na pale pale, Nadine wa darasani kwao alipita na wenzake, akaiangalia ile nyeusi, akacheka na kuuliza kama walikuja kununua mabati chakavu. Masikio ya Gaëlle yalipata moto.

Papa Esdras, mtu mwembamba mwenye maneno ya polepole, aliuliza wanataka kushona nini. Mama Constance alikuwa amegeuka kusalimiana na mtu.

"Nguo," alisema Gaëlle.

"Nguo za kawaida?"

"Ndiyo, Papa. Mashati na majupe."

"Basi hii ndogo itakufaa. Kama ingekuwa vitu vizito, ningekupatia hii nyeusi."

Alishona mstari kwenye kitenge chepesi, na mshono ukatoka safi. Mama Constance alipogeuka, aliuliza kama kile kipande cha mama kimejaribiwa. Gaëlle alisema kimejaribiwa. Kipande kilikuwa bado ndani ya mfuko wa jupe, sketi aliyovaa, kimekunjwa, na alikifunika kwa kiganja.

Bei ikalipwa, akina mama wakajiunga nao, na njiani wimbo ulikuwa mzuri na cherehani ilikuwa nyepesi. Gaëlle alitembea shingo wima, na watu walitoka milangoni kutazama. Hata hivyo kila mara aligusa mfuko wenye kile kipande. Alijiambia kwamba pengine itashona tu. Chuma ni chuma.

Mama Godelieve aliwakuta kanisani akitoka kituo cha afya. Wifi yake alikuwa amejifungua salama, na furaha ilikuwa bado usoni mwake. Aliitazama ile cherehani ya kijani, akamtazama binti yake. Aliomba mfarishi aliokuwa hajaumaliza uletwe kutoka nyumbani. Alijaribu kuukunja na kuupitisha chini ya mkono wa cherehani, ukagoma. Aliingiza pembe yake peke yake, akazungusha gurudumu. Sindano ilivunjika. Akaweka nyingine, akazungusha taratibu zaidi. Ikavunjika pia.

Nyimbo zilikoma. Pesa zile zilikuwa jasho la kila mama aliyesimama uwanjani, na wote walijua kwamba zamu ya Mama Godelieve isingerudi karibuni.

"Gaëlle, ulijaribu kile kipande?"

"Ndiyo, mama."

"Na ilishona?"

"Ilishona muzuri."

"Kiko wapi?"

"Nilikisahau kule soko."

Uongo huu wa mwisho ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo lilimtisha. Mama Constance alisogea mbele akathibitisha kwamba naye aliambiwa hivyo hivyo palepale sokoni. Basi, kama cherehani ilishona sokoni na hapa haishoni, lilibaki jibu moja tu: mfanyabiashara aliwaonyesha nzuri, akawafungia mbovu. Mmoja alisema hivyo kwa sauti ya chini. Mwingine alilisema kwa sauti kubwa. Kijana mmoja mwenye pikipiki, Jean-Luc, aliyekuwa amesimama kwenye ua wa kanisa, akatamka neno lenyewe, mwizi, akawasha pikipiki. Vijana wengine walimfuata mbio.

Katika milima ile watu wameibiwa mara nyingi mno, ng'ombe, mavuno, hata milango ya nyumba. Neno lile likishatamkwa, haliulizi maswali. Papa Esdras alikuwa mgeni, peke yake, na lori lake lilikuwa bado halijaondoka.

Gaëlle alibaki amesimama kama mti. Ndani yake sauti moja ilimwambia anyamaze, wazee watamaliza mambo yao. Kisha akaona Mama Constance akiokota jiwe, Mama Constance yule anayeongoza sala. Hofu aliyoipata hapo ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kuchapwa, kubwa kuliko Nadine na darasa zima. Alianza kukimbia.

Alikata njia katikati ya mashamba ya maharagwe, akateleza kwenye tope, akainuka. Alipofika, vijana walikuwa wamelizunguka lori. Papa Esdras alikuwa amebanwa kwenye tairi, shati lake limechanika begani, mikono yake imeinuliwa. Alikuwa akirudia kwamba aliuza kile alichoombwa. Hakuna aliyemsikiliza. Jean-Luc alikuwa na fimbo.

Gaëlle alipenya kati ya miguu na viwiko hadi akasimama mbele ya Papa Esdras. Alitoa kile kipande mfukoni, akakiinua juu.

"Hakutudanganya," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Hakutudanganya. Ni miye. Mama alinipa hii kipande, sikuijaribu. Papa aliniuliza tunataka kushona nini, nikamwambia nguo. Muangalie, haina hata tundu moja ya sindano."

Jean-Luc alichukua kipande, akakigeuza upande huu na huu. Akakipitisha kwa mwenzake. Wale wa nyuma walianza kuondoka mmoja mmoja, na Jean-Luc akaitupa fimbo mtaroni kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine.

Mama Godelieve na akina mama walifika wakihema. Gaëlle alirudia maneno yale yale mbele yao, na safari hii alilia. Mama Constance aliangalia mikono yake, ambayo ilikuwa bado na udongo wa lile jiwe, akasema kwamba hata yeye ana kosa, maana alishika pesa za watu na hakutazama kwa macho yake mwenyewe. Mama Godelieve alimwomba radhi Papa Esdras kwa niaba ya nyumba yake. Mtu yule alikunywa maji aliyopewa, akakaa kidogo, kisha akaomba kile kipande.

Aliishusha ile cherehani nyeusi kutoka kwenye lori, akakinyanyua juu kile chuma kinachokandamiza kitambaa, akaingiza tabaka zote tatu, akakanyaga. Sindano ilipita kama inapita kwenye ugali. Mama Godelieve aliushusha mabegani mfarishi wenyewe aliokuja nao kutoka kanisani, akaukunja, akaupitisha chini ya mkono. Ukapita, na nafasi ikabaki. Papa Esdras alisema bei zake hazipishani sana. Arudishiwe ile ya kijani bila mkwaruzo, na sindano mbili zilizovunjika atazihesabu kama zake. Wakakubaliana, na mmoja wa akina mama akaenda kanisani kuileta.

Gaëlle alisubiri kofi. Halikuja. Alisogea karibu na Papa Esdras, akamwomba kwa heshima amvulie lile shati ili amshonee bega kabla hajaondoka. Papa akalivua, akajifunika koti. Gaëlle akakaa mbele ya cherehani nyeusi pale kando ya barabara, akaanza kukanyaga, na mama yake akasimama nyuma yake akimwelekezea kitambaa.

"Sindano ikivunjika, tunaweka ingine," Mama Godelieve alisema, kwa sauti ambayo na wengine waliisikia. "Mashine ikikataa, tunabadirisha. Unaona, leo tumebadirisha. Lakini huyu Papa iko na batoto benye banamungojea nyumbani. Uongo yako ilikuwa ya maua tu, maua ya rangi. Kama wangemuua, sisi tungewapelekea nini wale batoto pa nafasi yake?"

Gaëlle alimaliza mshono wa bega, akakata uzi, akaenda kumkabidhi Papa Esdras shati lake kwa mikono miwili.