Ulimi wa Kuazima

Siku ile Getruda alisahau chumvi. Lilikuwa kosa dogo, la mtu mwenye mambo mengi kichwani. Karanga zilikuwa juani zinangoja kumenywa, mumewe Anselm alikuwa Igalula kwenye kazi ya reli na hajaleta salamu, na moshi wa kuni mbichi ulikuwa ukimtoa machozi tangu asubuhi. Akasonga ugali, akaepua mlenda, akamwandalia mama mkwe wake, Bibi Apolinaria, kivulini pembeni mwa nyumba. Yeye mwenyewe alipotia tonge lake la kwanza mdomoni ndipo alipogundua.

"Nisamehe, mayu," akasema, akiinuka kufuata kibuyu cha chumvi. "Nimekulisha majani matupu."

"Matupu ya nini? Leo umeukoleza sawasawa," akajibu Apolinaria, akichovya tena.

Getruda akacheka, akidhani anataniwa. Bibi yule hakuwa mtu wa kumeza kasoro kimyakimya. Ugali ukiwa na donge moja, alilisema mpaka jirani yao Batuli akasikia ng'ambo ya ua. Lakini Apolinaria hakucheka. Alilamba vidole taratibu, akakwepesha macho, kisha akanong'ona.

"Tangu ile homa ya masika, mwanangu. Sukari, pilipili, chumvi, vyote kwangu ni udongo. Usimwambie mtu."

Siku nyingine hilo lingekuwa jambo la kuoneana huruma tu, likaishia hapo. Tatizo ni kwamba Ndugu wa Chumvi walikuwa wameshapita Kigwa, na njia yao ilikuwa inakuja Kwihara.

Ndugu hao waliitembea njia ya zamani ya misafara, kutoka kwenye visima vya chumvi vya magharibi mpaka wanakokujua wenyewe, kisha wakarudi. Walivaa kanzu nyeupe na kuimba nyimbo ambazo padri wa misheni hakuzijua. Kazi yao ilikuwa kusaka wachawi, ingawa hawakumwita mtu mchawi hata siku moja, maana serikali ya Mwingereza ingewafunga. Wao walikuonjesha tu. Walisema mchawi hula nyama yake ya usiku bila chumvi mpaka ulimi wake unaisahau. Walikufunga macho, wakakuwekea kitu kwenye ulimi, ukasema kama ni chumvi au majivu. Ukikosea hawakusema neno. Ila jioni ulikuta gao la chumvi, ujazo wa kiganja, kizingitini pako, na kila jirani amekwisha kuliona.

Wakristo wa Kwihara hawakuona ubaya. Kwani padri naye si aliwatia chumvi ulimini siku ya ubatizo? Ndivyo walivyosema, na mimi nasema watu wakitaka kudanganyika hawakosi sababu.

Kule Kigwa gao liliwekwa mlangoni kwa Marcelina, aliyesoma na Getruda mafundisho ya komunyo, wakanong'onezana na kuchekana mpaka katekista akawatoa nje. Asubuhi nyumba yake ilikutwa tupu, chungu kikiwa bado mekoni. Watu wakasema amekimbia. Getruda alitaka sana kuamini hivyo.

Chakula hakijaisha, kengele ya Ndugu ikasikika njiani.

Batuli akachungulia juu ya ua, mtandio umemkaa upande. "Wameingia," akasema kwa sauti ya chini. "Mwanangwa Jilala anataka watu wote uwanjani."

"Hata nyinyi Waislamu?"

"Nani abaki nyumbani, aulizwe kwa nini amebaki?"

Apolinaria alikuwa ameshika ukingo wa mkeka kwa mikono yote miwili. Getruda akapiga magoti mbele yake. "Utanishika mkono, mayu, kama mgonjwa. Nikikufinya, sema chumvi. Nisipokufinya, sema majivu. Nitakuwa naangalia bakuli."

"Wakituona je?"

Getruda akamshika mkono, akamwinua.

Jua lilikuwa kali, na uwanja wa mwanangwa, mkuu wa kijiji, umejaa. Ndugu walisimama mbele, wasafi, wenye nyuso za upole. Nyuma yao walisimama wapagazi na mizigo mirefu ya chumvi vichwani. Hakuna aliyewatua. Hakuna aliyeomba maji. Walikuwa weupe kwa vumbi la chumvi, kuanzia nywele hadi kucha, na mbuzi wa kijiji walikuwa wamewazunguka wakiwalamba miguu. Ndimi zile zilipanda na kushuka kwenye ngozi, na wapagazi hawakutikisika.

Getruda akatazama miguu. Kisha akatazama mikono. Mkono mmoja ulioshika mzigo ulikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda, kilichovunjika utotoni kwenye kinu na kuungwa vibaya. Alikijua kidole kile. Alikuwa akikitania miaka yote ya mafundisho.

Akamsogelea. "Marcelina," akanong'ona. "Marcelina, ni mimi."

Macho hayakugeuka. Ila mdomo ulifunguka polepole, kama wa mtu anayetaka kuitika.

Ndani hamkuwa na ulimi. Mlikuwa na chumvi, imejaa mpaka kwenye meno.

Getruda akarudi nyuma, akajikwaa, akamshika mama mkwe wake kwa nguvu hata bibi akaguna. Sasa alijua wanakokwenda wale wanaosemwa wamekimbia. Alitamani kupiga kelele. Lakini nani angemsikiliza? Na macho ya nani yangemgeukia kwanza?

Watu waliitwa, wakaonja, wakajibu. Batuli akasema majivu, yakawa majivu, akaenda zake mbio bila kuaga. Mkubwa wa Ndugu alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya mlezi. Kila mtu alimwita mwanangu.

"Njoo, mwanangu," akamwambia Apolinaria.

Wakamfunga macho. Getruda akakaa ubavuni, mkono wake ndani ya mkono mkavu wa bibi. Bakuli mbili za mti zilikuwa pale chini, moja ya chumvi, moja ya majivu meupe. Akazikazia macho.

Mkubwa akageuka, akawapa mgongo. Akainama juu ya bakuli, kanzu ikazifunika zote mbili. Alipogeuka tena, vidole vyake vilikuwa vimebana kitu cheupe.

Getruda hakuona alikochota.

Kitu kile kilikuwa kinaukaribia mdomo. Bibi alingoja kufinywa. Chumvi au majivu? Akikosea, kesho mama mkwe wake angesimama kule nyuma na mzigo kichwani.

Ndipo beberu mmoja aliyesimama karibu akanyoosha shingo. Akanusa vidole vya Mkubwa. Akatoa ulimi.

Getruda akafinya.

"Chumvi," akasema Apolinaria.

Watu wakashusha pumzi. Mkubwa akamfungua bibi kitambaa, akampangusa midomo kwa upole, kisha akamfunga Getruda. Gizani Getruda alisikia kidole baridi kikimgusa ulimi. Ladha ikamjaa kinywani, kali, ya kweli, hata machozi yakamlenga.

"Chumvi," akasema.

"Ndiyo, mwanangu." Sauti ilikuwa sikioni kwake kabisa, na ilikuwa inatabasamu. "Umemwazima mama yako ulimi. Basi ukae kwake."

Kitambaa kilipotolewa, Mkubwa alikuwa ameshaita mtu mwingine.

Jioni ile Getruda alichungulia kizingiti mpaka kikapotea gizani. Hapakuwa na chumvi. Hapakuwa na chumvi mlangoni kwa mtu yeyote wa Kwihara, na kengele ilikwisha kufifia upande wa magharibi. Apolinaria alisali rozari nzima akilia kwa shukrani. Getruda alilia naye. Yale maneno ya sikioni alijiambia ameyasikia vibaya, kwa hofu.

Kesho yake mchana akapika kisamvu cha karanga, chakula anachopenda bibi. Akaonja. Chumvi haijakolea. Akaongeza, akaonja. Bado. Akaongeza tena, akaandaa.

Apolinaria akatia tonge mdomoni. Akalitema.

"We Getruda! Umemwaga kibuyu kizima? Hii chumvi ya kuulia..." Akajilamba midomo. Uso wake mzee ukachanua wote. "Nimeonja! Mwanangu, ninaonja! Batuli! Batuli, njoo, Mungu amenirudishia!"

Batuli akaja mbio akipiga vigelegele, mbuzi wake wakamfuata wakipenya kwenye ua. Wanawake wale wawili wakakumbatiana. Getruda alijaribu kutabasamu nao. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye kibuyu. Akachota, akaweka ulimini.

Mchanga.

Akachota nyingi zaidi, akaijaza kinywani, akatafuna. Mchanga, hauna hili wala lile.

"Mayu," akasema kwa sauti isiyotoka vizuri.

Vigelegele vikakatika. Batuli alikuwa anatazama chini. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama karibu na Getruda, anamlamba kifundo cha mguu. Wa pili akaja. Wakaja wengine. Ndimi zilipanda na kushuka, na Getruda, aliyekuwa akiruka hata akitekenywa na nzi, hakusogeza mguu. Hakuwa anahisi kitu.

Apolinaria akavua kanga yake ya juu, akamfunika mkwe wake miguu, akaigandamiza chini kwa mikono miwili. "Ni joto," akamwambia Batuli. "Jasho tu, shoga yangu. Jasho lina chumvi."

Mbuzi wakaanza kulamba kanga.

Batuli alirudi kinyumenyume mpaka kwenye ua, akaingia kwake, akafunga mlango mchana kweupe.

Anselm aliporudi kutoka Igalula alimkuta mama yake amekaa mlangoni na fimbo mkononi, anafukuza mbuzi. Akamwamkia shikamoo. Akauliza mkewe yuko wapi. Bibi akasema Getruda alisikia kengele, akatoka, akaitwa mpaka sauti ikakauka, hakugeuka. Mbele ya kizingiti, kwenye udongo, palikuwa na nyayo mbili nyeupe, vidole vimeelekea njiani.

Anselm alizifagia. Alipachimba kwa jembe, akatia udongo mwingine. Zikarudi. Masika ilipita juu yake ikaziacha, na mbuzi hawakuchoka kuja.

Apolinaria aliishi miaka mingi baadaye, ulimi wake mzima kabisa. Mwenyewe alipika, mwenyewe akala, na hakutia chumvi mdomoni mpaka alipokufa. Batuli, ng'ambo ya ua, hakumsikia tena akisema kasoro ya chakula.