Nyundo Chini ya Bwawa

Mgeni wa kwanza kulalamika alikuwa wakala wa forodha kutoka Malaba, mtu mnene mwenye maneno mengi, ambaye kila Jumamosi alikuja gesti ya Engole kuogelea na kula kuku. Alitoka majini akitingisha kichwa na kujichokonoa masikio.

"Madam," akamwambia Nerima, mtunza bwawa, "si mngengoja tutoke ndio mpige hiyo nyundo? Mtu akizamisha kichwa ni kok, kok, kok, kama tuko kwa mjengo."

Nerima alitazama huku na huku. Hapakuwa na fundi wala nyundo. Jua lilikuwa la utosi, saa ile ambayo hata mbuzi hutafuta kivuli na watu wazima huwakataza watoto kuzurura. Alicheka kidogo, maana mgeni anayelipa habishiwi, akasema labda ni pampu. Alipoinama kuitazama pampu ndipo alipoliona doa.

Lilikuwa chini, upande wa kina kirefu, rangi ya chai iliyolala, upana wa chapati.

Bwawa la Engole halikuwa la saruji na vigae. Lilikuwa shimo lililotandikwa plastiki nene ya samawati, na shimo lenyewe hakulichimba Engole, mwenye gesti. Pale Tiira, karibu na mpaka wa Kenya, watu huchimba dhahabu ardhini kama fuko, na Engole alikinunua kile kiwanja kikiwa na shimo kubwa la wachimbaji. Akamwaga kifusi mpaka kina alichokitaka, akamleta fundi kutoka Kisumu kutandika plastiki, basi. Alipenda kuwaambia wageni kwamba wachimbaji walimfanyia kazi ya bure. Wageni walicheka, kwani bia ilikuwa baridi.

Yule fundi alikuwa amemfundisha Nerima masharti ya plastiki. Usiisugue kwa waya, itachanika. Usilikaushe bwawa, itasinyaa kama ngozi ya ng'ombe juani. Doa hutolewa maji yakiwa ndani: unatia klorini kwenye soksi, unaiweka juu ya doa, likififia ujue ni majani. Likikataa, unatia vidonge vya vitamini C vilivyopondwa, likififia ujue ni kutu.

"Na vyote vikishindwa?" Nerima alimuuliza siku ile.

Fundi alijibu huku akifunga mzigo wake kwamba hapo doa haliko juu ya plastiki, linatoka chini yake, na mambo ya chini ni ya mwenye kiwanja.

Klorini ilishindwa. Vitamini ilishindwa. Nerima alisugua kwa brashi laini yenye mpini mrefu mpaka mabega yakawaka moto, na kila alipolidhani limeondoka lilirudi likiwa limekolea zaidi. Kando yake likatokea la pili, kisha la tatu. Wiki ilipokwisha, yote matatu yalikuwa na vidole, na wageni walikuwa wameanza kuagiza bia na kukaa mbali na maji.

Nyumbani kwa Nerima kulikuwa na watu watatu: yeye, binti yake Barbara wa miaka sita, na mama mkwe wake, Kevina, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Mume wake, Allan, alitoweka Barbara akiwa bado tumboni. Watu walisema Allan na wachimbaji wenzake wawili walipata dhahabu wakavuka kwenda Kenya kwa njia za panya, kila mmoja na mwanamke wake. Mmoja wa wenzake, Lenox, alikuwa mtu wa ng'ambo hiyo hiyo ya Kenya. Wa tatu alikuja tu kutafuta kazi, mtu asiyeongea, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Kevina aliamini kwamba ulimi wa Nerima ndio uliomfukuza mwanawe. Nerima aliamini ni mwanamke. Kwa hiyo walikula chungu kimoja na hasira mbili.

"Leo unanuka udongo," Kevina alisema jioni hiyo.

"Mama, nimeshinda kwa maji na dawa. Udongo nitoe wapi?"

"Mimi macho imekufa, lakini pua bado. Hiyo ni harufu ya Allan akitoka kwa shimo."

"Basi mwambie Allan alete pesa ya unga," Nerima akajibu, akaondoka kwenda kuosha vyombo. Lakini kule nje alinusa mikono yake. Ilinuka udongo mbichi wa chini sana, udongo usiojua jua.

Kesho yake, adhuhuri, bwawa likiwa tupu, aliamua kuzama mwenyewe. Alivaa miwani ya kuogelea, akachukua brashi ndogo, akavuta pumzi.

Chini ya maji nyundo ilikuwa ikipigwa. Aliisikia kwenye meno kabla ya kuisikia masikioni, kok, kok, kok, bila haraka, mpigo wa mtu anayeufahamu mwamba wake, na alipolifikia doa akaweka kiganja ili ajishikize, plastiki ilikuwa na joto, ilikuwa laini na imetuna kama tumbo la mja mzito, na kabla hajauondoa mkono, kitu kilisukuma kutoka upande wa pili, kikajilinganisha na kiganja chake kidole kwa kidole, dole gumba kwa dole gumba, mpaka kwenye kidole cha mwisho, ambapo chake kilibaki bila mwenzake kwa sababu cha yule wa chini kilikuwa kimekatika kwenye fundo la kati.

Allan alikatwa kidole hicho na sururu, mwaka waliooana. Nerima ndiye aliyemfunga kitambaa.

Alitoka majini akitambaa. Alikaa juani, na jambo lililomwumiza zaidi ya hofu ni kwamba miaka sita yote hakupitisha siku bila kumlaani.

Engole alipoambiwa, hakucheka wala hakumkemea. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kama gunia lililowekwa chini, akasema tu, "Hao ni majini. Nitaleta mtu." Akalifunga bwawa kwa kamba.

Mtu aliyekuja alikuwa Obbo, mganga kutoka upande wa Tororo, amepanda pikipiki yake mwenyewe, amevaa gambuti, mtu mwenye uchovu wa fundi aliyeitwa kurekebisha kazi mbovu ya fundi mwingine. Hakutoa hirizi wala kibuyu. Alilala kifudifudi ukingoni, akaweka sikio moja majini, akabaki hivyo muda mrefu. Kisha akakaa na kujifuta shavu.

"Wako watatu," akasema.

"Ni majini, mzee," Engole akasema. "Fukuza tu. Nitalipa."

"Jini hapigi nyundo. Jini hachoki. Hawa wamechoka." Obbo alimtazama. "Mimi siwezi kufukuza mtu kutoka kwa kaburi yake. Wewe sema ukweli nifanye kazi, ama nipande pikipiki yangu."

Engole alimwangalia Nerima, akaangalia chini. Aliongea kwa sauti ndogo, kama anayemwongelesha mtu aliyelala.

"Mvua ilinyesha, shimo ikajifunga usiku, na wao walikuwa wameingia kwa siri. Asubuhi nilikuja na tipa za kifusi. Niliwasikia. Walikuwa wanagonga. Nikaona polisi watafunga kiwanja, na mimi nimeuza ng'ombe zote kukinunua. Nikamwambia dereva, mwaga."

Nerima alisikia kila neno. Alitaka kumrukia, alitaka kupiga kelele, lakini mwili ulikataa. Walikuwa wanagonga. Asubuhi ile ile yeye alikuwa nyumbani na tumbo lake, anaapa kwamba Allan akirudi atamfungia mlango.

"Mzee Obbo," akasema mwisho, "mmoja ni Lenox, mtu wa Kenya, mmoja ni yule asiyeongea, na mmoja ni bwana wangu. Nimpeleke nyumbani vipi?"

"Polepole, mwanangu." Mganga alisogea karibu naye, na sauti yake ikawa ya baba. "Waliokufa shimo moja wameshikana mikono. Ukivuta mmoja, wote wanakuja. Kila mmoja aitwe na mtu wa kwao, siku moja, na kwao kaburi iwe imeshachimbwa, inangoja. Akiitwa kabla ya kaburi, atachimba mwenyewe. Na mtu wa namna hiyo hachimbi yake tu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mimi nakwenda ng'ambo kutafuta watu wa Lenox. Halafu nitafute kwao huyo wa tatu, hata kama ni mbali. Mpaka nirudi, usitaje jina la bwana yako kwa hii maji."

Aliondoka. Siku zikapita, na Obbo hakurudi. Nerima hakumwambia Kevina kitu, kwani mama wa mtu haambiwi habari nusu. Lakini kila adhuhuri alikwenda bwawani, akavuka kamba, akatia sikio majini, na kila siku nyundo ilikuwa imepungua. Ilipiga, ikakaa. Ikapiga tena kwa unyonge, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wako ndani wananyamaza. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ni rahisi kumlaumu mtu ukiwa umekaa pakavu. Siku ambayo nyundo ilipiga mara moja tu, kisha kimya kikatanda, Nerima alihisi kwamba watu wanamwacha Allan afe kwa mara ya pili, na safari hii yeye ndiye aliyesimama juu ya shimo.

Akazama na nguo zake zote. Alilifikia doa, akaweka kiganja, akangoja, na ule mkono ukaja, dhaifu, vidole vinne na nusu, ukamshika kupitia plastiki, na Nerima akafungua mdomo chini ya maji, akaliita jina la mume wake kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na maji yaliyomwingia kooni yalikuwa na ladha ya udongo.

Plastiki ikalegea. Mkono ukamwachia. Na madoa yale matatu, ambayo klorini na vitamini na mabega yake yalishindwa kuyatoa, yakafifia mbele ya macho yake, moja, la pili, la tatu, mpaka chini pakabaki samawati tupu.

Engole alikuja mbio, akatazama, akampigia Mungu magoti palepale. Nerima hakumwangalia. Alikuwa analia na kucheka, anawaza majirani wenye majembe, anawaza kwamba jua halijatua na kaburi likianza kuchimbwa sasa huenda likawahi. Alikimbilia barabarani, maji yakimchuruzika, akasimamisha bodaboda.

Kijana wa bodaboda alimtazama, akatazama nyuma yake, akatikisa kichwa.

"Hapana, nyabo. Nyinyi wanne, pikipiki itawabeba vipi?"

Nerima aligeuka. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua na hapakuwa na mtu. Hakuuliza la pili. Aliiacha barabara akakata kwenye mihogo, akakimbia bila kutazama nyuma, miiba ikimchana miguu, akilitaja jina la Yesu na kulichanganya na la Barbara, na njia ile fupi, ambayo kila siku aliipita akiwa amechoka na haikumchosha zaidi, siku hiyo ilirefuka kana kwamba kuna mtu anayeivuta kutoka upande wa pili.

Kevina alikuwa amesimama mlangoni, amevaa gauni lake la gomesi la kanisani. Uso wake ulikuwa wa mwanamke mwingine, kijana zaidi.

"Nerima, mwanangu amerudi," akasema. Alinong'ona, kama mwenye wageni waliolala. "Nilimwomba Mungu nisife kabla sijasikia sauti yake. Unisamehe, mama Barbara. Nilikuwa nakuonea bure."

"Mama. Umemfungulia?"

"Amekuja na wenzake. Walisimama hapo nje, hawataki kuingia mpaka wakaribishwe. Nikasema kwa nyumba yangu mgeni haachwi nje. Nimewakaribisha wote, hata huyo asiyeongea."

"Wako wapi?"

"Walikataa chakula. Waliomba jembe." Kevina alitabasamu, macho yake meupe yakitazama juu ya kichwa cha Nerima. "Halafu Allan akauliza mtoto wake yuko wapi, kwa sababu hajawahi kumwona. Nikamshikisha mkono wa Barbara."

Nerima alizunguka nyumba. Nyuma, pale penye migomba, udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa, bado unatoa mvuke. Mashimo yalikuwa manne, yamenyooka kingo, kazi ya watu wanaojua kuchimba. Hapakuwa na mtu aliyesimama karibu nayo. Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye mgomba kwa adabu.

Matatu yalikuwa marefu. La nne lilikuwa fupi, na Barbara alikuwa amelala ndani yake, mikono kifuani, macho wazi.

"Usinitoe, Mama," akasema kwa upole. "Baba amenipima. Linanitosha."