Usukani Kabla ya Arobaini

Haya alinisimulia Pantaleo mwenyewe, na Pantaleo si mtu wa porojo. Ni bodaboda wa Runzewe, anabeba viroba vya mawe ya dhahabu kupeleka karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe. Usukani wa pikipiki yake ulikuwa mfupi, ukimuumiza mgongo. Akautamani usukani mrefu wa Hamza, dereva mwenzake wa kijiweni aliyefariki karibuni. Ndugu walishakubali kuuza.

"Subiri arobaini ipite, kaka," fundi Akida alimwambia. "Hapa kijiweni hatufungui kifaa cha marehemu kabla."

"Mgongo wangu hausubiri, fundi."

Akida akaufunga shingo upande, akauvisha na mipira mipya ya kushikia.

Jioni hiyo wingu la mvua lilitanda, giza likaingia mapema. Katikati ya pori Pantaleo akasikia mtu anahema. Nyuma kulikuwa na viroba tu. Pumzi ilitoka mbele, ya moto, ikimpiga usoni. Akazima injini ili asikie vizuri. Ikaja mara tatu zaidi, kisha ikakoma.

Asubuhi alikuwa gereji kabla Akida hajafungua mlango.

"Utoe huu usukani. Usiniulize."

Akida akaishika ile mipira ya siku moja, akainama kuitazama. Ilikuwa imelika kama ya miaka kumi. Dereva akishika usukani, vidole vyake vinne hukaa upande wa mbele. Mashimo ya vidole vinne yalikuwa upande wa nyuma, yameelekea kifua cha Pantaleo, kama ya mtu aliyeushika kutoka mbele, akimtazama.