Kiboksi Kilichokohoa

"Pisheni jamani! Mama ana mtoto huyo!"

Jumamosi mchana, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, hakuna anayempisha mtu. Kila duka limetoa spika nje na kila spika inataka kuizima ya jirani. Lakini sauti hiyo ilipotoka, umati ukajigawa, na katikati akapita mwanamke mwenye gauni jeupe la kazi na kitambaa cha bluu kichwani, amekumbatia taulo la kitoto la njano. Alikuwa nesi, na ndani ya taulo hapakuwa na mtoto. Hakuona sababu ya kumsahihisha mtu. Akapita zake hadi duka la mwisho.

Fundi wa hapo alikuwa kijana mrefu, mwembamba hasa, majirani wakamwita Waya na yeye akaitika. Alikuwa na shati la kijani lililokunjwa mikono, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Karibu, mama. Ila hospitali iko ng'ambo ya barabara."

"Ndiko ninakotoka. Huyu wangu kule hawamtibu."

Akafunua taulo. Kikatokea kiboksi cheusi cha chuma, kile kinachopokea tarakimu kutoka kwenye kompyuta na kuzigeuza kuwa sauti ya spika. Waya akacheka mpaka miwani ikamshukia puani.

"Anaumwa nini?"

"Anakohoa. Tena katikati ya wimbo. Tak! Anatulia kidogo, halafu tak!"

Akamweleza. Baba yake alipiga tarumbeta kwenye bendi miaka mingi, na mwimbaji wa bendi ile ndiye aliyekuja kuwa mama yake. Mama alikwisha kufariki. Kaka yake, anayefanya kazi mbali, alizihamishia kanda zao kwenye kompyuta, akamtumia Baba na kiboksi azisikilize vizuri. Sasa kila wimbo ukianza, Baba anavumilia nusu, kisha anazima kwa hasira.

Waya akakigeuza nyuma, akatazama matundu. "Mnatumia waya wa mwanga, ule unaopitisha sauti kwa taa badala ya umeme?"

"Ndio huo uliokuja nacho."

"Basi hapo. Kompyuta ina saa yake ya ndani inayoendesha sauti. Kwa waya huo, kiboksi kinalazimika kuifuata saa ya kompyuta, na hiyo inayumba. Kikiachwa kidogo tu, tak. Tukitumia tundu la USB, kiboksi ndicho kitakachoshika saa."

"Tulijaribu. Kompyuta haikioni."

"Programu yake ya ndani ni ya zamani, inabidi isasishwe. Nitawaandikia waliokitengeneza wanitumie mpya. Niachie namba yako."

"Ya kiboksi?"

"Ya mlezi wake."

Watengenezaji walichelewa kujibu, na Waya hakuwalaumu hata kidogo. Kila jioni alikuwa na kisingizio cha kupiga simu.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Anakohoa vilevile. Daktari wake maneno mengi, dawa hakuna."

"Na nesi je?"

"Nesi amesimama tangu asubuhi, miguu inawaka moto."

"Basi toka getini, kipenzi. Nimekuja na pikipiki."

Programu ilipofika, walikuwa wameshazoeana kiasi kwamba nesi alishona gauni jipya la rangi ya machungwa. Wakapanga Jumapili: Waya aje nyumbani, amalize kazi, kisha watoke.

Alikuja, akamwamkia Baba, akakaa sebuleni mbele ya kompyuta. "Mzee, hapa tunasubiri tu. Programu ikiwa inaingia, kiboksi kisikatiwe umeme." Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini. Baba akavuta kiti karibu.

Mstari ulikuwa umevuka nusu, mara taa ya kiboksi ikazimika.

Waya akainuka, akaufuata waya wa umeme hadi ukumbini. Nesi alikuwa pale, kampa mgongo, anaimba kwa sauti ya chini na kulipiga pasi gauni la machungwa. Plagi iliyokuwa ukutani ilikuwa imelala sakafuni, na mahali pake pamekaa ya pasi. Waya akasimama kidogo, akarudi sebuleni bila neno. Nesi alipomaliza kupiga pasi na kuirudisha ile plagi, umeme ulirejea, lakini kiboksi hakikuwaka tena.

"Nini hicho?" Baba akauliza.

"Kosa langu, Mzee. Nilitakiwa kuukagua umeme kwanza."

"Mke wangu namsikia kwa hicho tu! Kichukue. Na usinikanyagie hapa mpaka kiseme!"

Nesi akatokea amevaa, hereni zinacheza masikioni. Aliposikia yaliyotokea, uso ukamshuka.

"Kitu kimoja tu, Waya. Kimoja tu nilikukabidhi."

Waya akaondoka na kiboksi kwapani.

Wiki nzima simu hazikulia. Waya alikuwa na haya, nesi alikuwa na hasira, na kila mmoja aliishika simu yake kama mtu anayeshika kaa la moto.

Siku moja asubuhi nesi alikuwa ukumbini anataka kupiga pasi sare ya kazi. Shangazi yake, anayeishi nao, akapiga kelele kutoka mlangoni mwa chumba chake.

"We mtoto, usiichomoe hiyo! Waya huo unalisha sebule na chumba changu. Jumapili ile umenizimia feni, nimeamka nimelowa kama nimetoka kuoga!"

Nesi akabaki na plagi mkononi. Akakaa chini palepale, sare mapajani. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwa Baba, akamweleza yote. Kisha akapiga simu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Pasi, Waya."

"Nani kakwambia?"

"Shangazi. Feni yake ilikuwa shahidi."

"Mzee alikuwa amewaka. Nikaona mimi naondoka zangu, wewe unabaki naye."

"Na mimi je? Wiki nzima nimekuchukia kwa bidii zote."

"Ukaweza?"

"Nilichoka siku ya pili. Sikiliza, laazizi. Kosa langu nipe mwenyewe, nitalibeba. Usinifichie kama mtoto."

"Nimekosa. Sirudii." Akavuta pumzi. "Na kiboksi kimewaka. Nimekifungua, nimeiandika programu moja kwa moja kwenye kumbukumbu yake. Kimenitoa jasho, lakini kimewaka."

Saa ya chakula cha mchana nesi alivuka barabara akikimbia. Hakuna aliyempisha safari hii; alipenya kwa viwiko hadi duka la mwisho, akamkumbatia fundi mbele ya wateja, bisibisi ikamdondoka mkononi.

Jumapili Baba alivaa shati jeupe, akalifunga vifungo hadi shingoni. Waya akachomeka waya wa USB, kompyuta ikakitambua kiboksi mara moja. Wimbo ukaanza. Tarumbeta likapanda, na juu yake sauti ya mwanamke, safi, bila mkwaruzo. Walisubiri kile kikohozi. Hakikuja. Kwa mara ya kwanza wimbo ulifika mwisho wake, na ngoma zilipotulia sauti ileile ikasema, "Haya, nani ana njaa?"

Baba akacheka, akatoa leso. "Huyo ndiye. Kanda inazunguka, yeye anauliza chakula!"

Akajifuta macho, kisha akamgeukia Waya.

"Kijana, ulinidanganya ndani ya nyumba yangu."

"Ndiyo, Mzee. Naomba radhi."

"Kwa ajili ya huyu?"

"Kwa ajili yake."

"Unamtaka?"

"Namtaka, Mzee. Ukiniruhusu nije na wazazi wangu."

"Mbona mnapanga wenyewe?" Nesi alikuwa mlangoni na sinia la chai. "Mimi kuna aliyeniuliza?"

Shangazi akaguna kwa furaha. Waya akasimama, akaupokea mzigo wa sinia, akauweka mezani taratibu.

"Basi nakuuliza wewe, kipenzi. Utakubali nikuoe?"

Nesi akamwangalia kuanzia viatu alivyovipiga rangi hadi kola iliyokaa upande. Akaisogeza kola ikakaa sawa.

"Mwezi ujao nina likizo," alisema. "Waambie wazazi wako wasichelewe."