Bwawa Lisilo na Chura

Kila jioni, nikishaosha vyombo na kufungia kuku, nilibeba kigoda changu nikaenda kukaa kando ya bwawa la hifadhi, kusikiliza kitu ambacho hakikuwapo. Nyumba yetu ipo jirani na lango la hifadhi, kwa sababu mama yangu ndiye msimamizi wake. Nyumbani wananiita Kiherehere, na safari hii kiherehere changu kilinitokea puani.

Aliyelianzisha jambo hili ni mwalimu wetu wa sayansi. Alituambia kwamba kujenga uzio na kuweka kibao cha kukataza kukata miti si sawa na kulinda viumbe. Ukitaka kujua kama hifadhi inafanya kazi yake, alisema, hesabu viumbe waliomo ndani, hesabu na walioko nje, kisha linganisha. Alituchagulia vyura, kwa kuwa ngozi yao ni laini, na mazingira yakiharibika wao hutoweka mapema. Kundi moja lilipewa mtaro ulio nyuma ya karakana ya baiskeli. Mimi nilinyoosha mkono hata kabla hajamaliza.

"Bwawa la hifadhi, Mwalimu! Mama yangu ndiye mkubwa kule. Vyura wamejaa tele!"

Basi tukakaa, mimi na rafiki yangu Cheko, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila kitu kwake ni kichekesho. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, wakati ambao vyura hulia sana. Jioni ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mbu tu ndio walioifurahia kazi yetu.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Cheko alininong'oneza, akaanza kucheka.

Mshindo wenyewe hatukuusikia. Wenzetu wa mtaroni, penye maji ya rangi ya chai na matairi mabovu, walifika shuleni wakilalamika kwamba vyura wao wanapiga kelele mpaka hesabu inawachanganya. Nilitamani kuwafunga midomo.

Usiku huo nilimkuta Mama akipiga pasi sare yake.

"Mama, bwawani hakuna vyura."

"Hakuna? Labda mlikuwa mnapiga domo."

"Tulinyamaza, Mama. Hata Cheko alinyamaza."

"Cheko anyamaze? Basi dunia imekwisha." Alicheka, kisha uso ukabadilika. "Sikiliza, mwanangu. Wakaguzi wanakuja kutazama kama hifadhi hii inalinda viumbe. Nimefukuza wakata miti, nimefukuza wawindaji, nimefukuza hata mbuzi wa jirani. Leo binti yangu mwenyewe aseme bwawa langu ni tupu? Rudi ukasikilize vizuri."

Nilikwenda kulala nimevimba kwa hasira. Ningekuwa nimekosea, ningevumilia. Lakini nilisema kweli, na mama yangu mzazi akaniona mzembe asiyejua kutumia masikio yake.

Tulirudi bwawani, na kimya kilikuwa kilekile. Cheko akapata wazo.

"Tuseme tumewasikia. Nani atajua? Mama yako atafurahi, Mwalimu atafurahi, na sisi tutalala bila kujikuna."

Wazo hilo lilinivutia, sitaficha. Lakini damu yote ile niliyowapa mbu, halafu niandike uongo? Uongo ningeweza kuuandika nikiwa kitandani. Kesho yake nilimfuata Mwalimu, nikamweleza kila kitu huku machozi yakinilengalenga.

"Mbona unalia na jibu umelipata?" aliniuliza.

"Nimepata kimya tu, Mwalimu!"

"Kimya nacho ni jibu. Sasa tutafute sababu yake. Je, maji ni mabaya, au kuna anayewala?"

Akatufundisha jaribio. Tulichota mayai ya vyura mtaroni, yale yanayoshikana kwa ute, tukayagawa katika vikapu viwili vya waya. Kikapu kimoja tulikifunika chote kwa kipande cha chandarua, ili maji yapite lakini mnyama asipite. Cha pili tulikiacha wazi. Mama alituruhusu shingo upande, tukavizamisha ukingoni mwa bwawa.

Kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe kutazama, Mwalimu akiwapo. Katika kikapu kilichofunikwa, mayai yalikuwamo vilevile, mengine yameanza kuchezacheza. Katika kile cha wazi hapakuwa na hata yai moja. Kulikuwa na kambare mnene, akipiga mkia kama mtu aliyeshiba na hataki kusumbuliwa.

Mama aliinama kumtazama yule samaki.

"Samaki niliwaleta mimi," alisema polepole. "Wageni walipenda kuwarushia makombo ya mkate. Nikaona bwawa limechangamka."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mwalimu alisema kwa sauti ya upole.

Nilisubiri Mama aniambie neno. Hakuniambia kitu, akageuka na kwenda zake ofisini. Nilihisi uchungu kuliko mwanzo, maana sasa ukweli ulikuwa wazi na bado hakuna aliyenishukuru.

Lakini wakaguzi walipofika, Mama hakumtuma mtu. Alisimama mbele yao, akawaambia, "Msitu uko salama. Bwawa limeharibika, na aliyeliharibu ni mimi." Kiangazi maji yalipopungua, alivaa mabuti akaingia topeni pamoja na wafanyakazi wake. Kambare ni mkaidi, hujichimbia kwenye matope, kwa hiyo waliwatoa mmoja mmoja na kuwapeleka kwa mfugaji wa samaki. Wageni walinuna. Mmoja alimwambia Mama kwamba ameua raha ya bwawa.

Mvua ziliporudi, tulirudi na vigoda vyetu. Kimya. Kesho yake, kimya. Nilikipiga teke kigoda changu kikaangukia majini. Nilianza kuamini kwamba tumechelewa, kwamba vyura hawatarudi tena.

Jioni moja Mama alikuja kukaa nasi, akiwa bado na sare yake ya kazi. Giza lilikuwa linaanza kuingia pale chura mmoja alipolia kwenye nyasi. Baadaye akajibiwa na mwingine. Cheko alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Mama alinishika bega.

"Ulisikiliza vizuri tangu mwanzo, mwanangu. Aliyeziba masikio ni mimi. Uzio huzuia wezi, lakini hauzuii makosa ya mlinzi. Ndiyo maana lazima tuhesabu, na anayehesabu aseme alichokikuta, hata kama kitamuudhi mama yake. Ungeniletea vyura wa uongo, ningelinda bwawa tupu mpaka nistaafu. Nisamehe."

Nilifungua mdomo nimjibu, lakini aliweka kidole kwenye midomo yake.

"Shhh. Huyo ni wa tatu."